Mzamiaji Apanda Mlima

Mume wangu alikuwa mzamiaji hapa Diani tangu kabla hajanioa. Kazi yake ilikuwa kuteremka na wageni hadi kwenye matumbawe, kuwaonyesha kasa, kisha kuwarudisha juu wakiwa wazima. Mwaka jana sikio lake la kushoto likaharibika, na daktari akamwambia kuogelea anaweza, kuzamia basi. Akarudi nyumbani akakaa barazani. Mimi nina duka la leso Ukunda, na nikifunga jioni namkuta amepanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa, cha kwanza hadi cha mwisho. Niliumia kumwona vile. Mwanamume mzima, mzuri wa sura, amekaa kama mzigo uliosahaulika stendi.

Siku moja akaniambia, "Mama watoto, ikiwa chini wamenifungia, mimi nitakwenda juu."

Nikadhani anazungumzia kufa, nikamkemea vibaya sana. Kumbe alikuwa na maana ya Mlima Kenya. Mgeni mmoja aliyewahi kuzamia naye alikuwa amemsimulia kuhusu bonde lililoko juu huko, lenye vibanda vya watembeaji. Unalala kibanda hiki, unatembea kutwa, unalala kibanda kingine, na si lazima ufike kileleni. Nikamwambia peke yako huendi. Nilisema hivyo mimi, mzaliwa wa Msambweni, ambaye mvua ya mwezi wa sita tu hunivalisha sweta.

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa huko chini ya mlima. Jambo la kwanza alilotuambia lilikuwa, "Baba, Mama, huku tunaenda pole pole. Hata ukisikia nguvu, pole pole."

Mume wangu akacheka. "Dada yangu, hilo wamfundisha nani? Mimi nimewaambia wageni hivyo maisha yangu yote."

Na ni kweli. Mzamiaji akipanda mbio kutoka kilindini huumia, wengine hufa, na nimemsikia mume wangu akiwafokea Wazungu wazima ufukweni kwa kosa hilo. Lakini sheria hiyo, naona, aliiacha huku huku pwani pamoja na mitungi yake ya hewa. Kutoka getini tu akashika mbele, mgongo umenyooka, anakata mwendo kama kijana. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa miezi mingi sikuwa nimeuona mgongo ule ukinyooka.

Usiku wa kwanza kibandani tulicheka mpaka mama kiongozi akaja kuuliza kuna nini. Nilikuwa nimebeba chupa ya mafuta ya nazi ya kujipaka miguuni, yakaganda yakawa jiwe. Mume wangu akaiweka chupa kwapani ili iyeyuke, akalala nayo hivyo hivyo, amejikunja. Alfajiri akatawadha kwa maji yenye vipande vya barafu ili aonekane hodari. Mimi nilitayamamu kwa kupapasa udongo mkavu, na ninaamini Mwenyezi Mungu alinielewa.

Kisha tukaingia bondeni. Sijui niseme nini kuhusu bonde lile. Kijito katikati, majabali pande zote mbili, na mimea mirefu kunishinda, imevaa majani yake makavu shinani kama watu waliojifunika mablanketi. Kimya kitupu. Niliyasikia masikio yangu mwenyewe yakifanya kazi. Nilitamani watoto wetu wangalituona.

Mume wangu hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa mbele anautazama ukuta wa bonde, kwa sababu juu yake ndiko kulikokuwa na kibanda cha pili. Tulipoketi kula alikataa mkate, akakataa hata tende. Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema hakuna kitu, ni jua. Jua lenyewe lilikuwa limejificha nyuma ya mawingu tangu asubuhi.

Tukaendelea. Tulipoanza kuupanda ukuta ule nikamwona anakanyaga pembeni mwa njia, anarudi, anakanyaga tena pembeni. Nikamwita, "Baba watoto, u mzima?"

Aligeuka akanyoosha mkono kunipa ile ishara ya wazamiaji ya kusema niko sawa, kidole gumba na cha shahada vikutane vifanye duara. Vidole havikukutana. Kimoja kilipita huku, kingine kule. Akajaribu tena, akivitazama kama vidole vya mtu mwingine, na tena vikapishana.

Mama kiongozi naye alikuwa ameona. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, huu ni ugonjwa wa mlima, umemwingia kichwani. Huyu ashuke sasa hivi. Si baadaye."

"Siteremki," mume wangu akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Kibanda kile pale, bati lake naliona."

Na kweli lilionekana. Nikambembeleza, nikamgombeza, nikamwapia kwa majina ya watoto wote. Akaketi juu ya jiwe akaanza kulia, mume wangu, ambaye hata tulipomzika mamake sikuyaona machozi yake. Akasema, "Bahari nimenyimwa. Mkinirudisha na hapa, mimi nitakuwa nani?"

Jambo moja nililijua. Wazamiaji huteremka wawili wawili, na mmoja akielekeza kidole gumba juu kwamba turudi, mwenzake hana ruhusa ya kubisha. Hata kama kasa ndiyo kwanza anatokea. Maswali huulizwa mkiwa salama. Sheria hiyo tuliitumia hata arusini, yeye akichoka ananionyesha kidole ng'ambo ya ukumbi, nami nanyanyuka na buibui langu bila neno.

Nikasimama mbele yake, nikakielekeza kidole gumba changu chini, bondeni tulikotoka.

Alikitazama. Akapangusa uso. Akanyoosha mkono ili nimwinue.

Tuliteremka tumemshika huku na huku, tukapita kibanda cha kwanza bila kusimama, mpaka kingine cha chini kabisa, msituni, ambacho siku ya kwanza tulikipita bila kulala. Huko akatapika, akalala, na alipoamka akauliza kama katika nchi hii ya baridi kuna mtu ajuaye kupika chai. Nikatoka nje nikalia peke yangu kwa furaha.

Asubuhi ilibaki njia fupi ya kuteremka hadi getini. Nilimsubiri ashike mbele kama desturi yake. Akabaki amesimama, ameshika mkoba wangu.

"Tangulia wewe," akasema.

"Mimi natembea kama bibi harusi."

"Basi tutatembea kama maharusi. Na mwakani tukijaaliwa kurudi, mwendo uwe wako. Nifikishe wewe."

Nikatangulia. Nilikwenda taratibu kuliko nilivyohitaji, nikisikiliza viatu vyake nyuma yangu, na havikunipita.