Mume Wangu Alisema Aliambiwa

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na samli mjini Shinyanga, na watu waliomfahamu hupenda kunisimulia habari zake kana kwamba mimi sikuishi naye. Wananiambia alikuwa mchapakazi. Najua. Wananiambia alipenda mpira kuliko chakula. Hilo nalo najua, maana chakula chenyewe nilikipika mimi na kikapoa mbele ya macho yangu. Halafu wanashusha sauti, wanasema, "Ila lile la mtoto..." na hawamalizi. Nimechoka kuwasikia wakiishia hapo. Acha nilimalize mwenyewe.

Tulioana baada ya Vita Kuu ya Pili. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara na biashara ya nguo, akaoa Msukuma, hakurudi tena kwao. Mimi walinitoa Kahama, mtaa wa Nyasubi. Siku niliyoletwa, mama mkwe alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema nikiwa pale pale, "Huyu binti ni mzuri, ila ana hasira. Hasira hasara, mwanangu." Sijui alikuwa anamwambia nani, mimi au mwanawe. Kwa vyovyote vile, hakukosea.

Kazi aliifanya. Siku za mnada alitoka na lori lake kabla ya jua, akarudi jioni na ngozi mbichi zimerundikwa juu ya lori na nzi wote wa Usukuma nyuma yake. Banda la ngozi lilikuwa uani kwetu. Zilioshwa, zikawambwa kwenye fremu za miti kivulini, maana ngozi ikianikwa juani inaungua na haina bei. Alipitisha kiganja upande wa ndani, akajua kama aliyechuna alikuwa na haraka. Basi hakugomba. Alimwita mwenye ngozi, akamwomba kisu, akamwonyesha jinsi ya kukilaza. Wazee wa vijijini walimpenda kwa hilo. Samli aliionja nyuma ya mkono, na madebe yalipojaa aliyapeleka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kulikuwa na watu wa kila kabila wenye njaa ya kila kitu. Barabara ikiwa kavu alikwenda na kurudi kwa siku mbili tatu. Mvua ikinyesha, Mungu anajua. Lakini Ijumaa jioni lazima awe nyumbani, kwa sababu Jumamosi ilikuwa ya mpira.

Hakumgusa mtoto kabla hajaoga. Alijisugua kwa sabuni na limau hadi harufu ya ngozi ikatoka, au akaamini imetoka, kisha akasimama uani na kuita, "Golikipa wangu yuko wapi? Beki wangu yuko wapi?" Golikipa alikuwa binti yetu mkubwa, beki alikuwa wa pili, binti vilevile. Majirani walicheka kuona mtu mzima anawafundisha wasichana kupiga mpira kwa kichwa. Wa tatu alikuwa mvulana, ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Huyo alimwita refa. "Akilia, kila mtu anasimama," alisema. Mwenyewe alikuwa ameacha kucheza kwa sababu ya goti, lakini timu ya mji ilikuwa mikononi mwake: mpira wake, jezi zake, lori lake.

Jumamosi ile timu ya wachimbaji ilikuwa imetoka Geita kuja kucheza na ya kwetu. Walisafiri siku nzima. Mume wangu ndiye aliyewaalika, na uwanja ulikuwa Ibadakuli, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka nyumbani. Tangu alfajiri mtoto alikuwa na joto. Nilimwambia. Alimshika shingo, akatazama ndani ya mdomo wake, akasema ni meno. Kisha akachukua bakuli la samli yangu, ile niliyoitenga kwa wali wa wageni, akaanza kuupaka mpira ili ngozi yake ilainike. Nikakasirika. Sikukasirika kwa sababu ya mtoto, nitasema kweli. Nilikasirika kwa sababu ya samli.

"Mtoto anaumwa, wewe unakanda mpira," nikamwambia.

"Mama Refa, usianze. Joto likizidi nitumie mtu. Nitakuja hata kama mpira uko katikati. Tutampeleka hospitali kwa lori."

"Nenda. Sitakuita."

"Nitumie mtu," akarudia, akaondoka na wachezaji wanaimba juu ya lori.

Adhuhuri joto lilipanda. Nilimfuta mtoto kwa maji. Jirani yangu, ambaye mumewe alikuwa na baiskeli na siku hiyo alikuwa amelala tu barazani, akaniuliza kama amtume kumwita baba wa mtoto. Nikasema bado. Nilitaka arudi mwenyewe. Nilitaka akae pale uwanjani, moyo umsute, aache wageni wake na refa wake mwingine mwenye filimbi, aje aniambie nilikuwa na haki. Ndivyo nilivyokuwa ninafikiri huku nikimfuta mtoto. Nakumbuka mawazo hayo neno kwa neno kuliko ninavyoukumbuka uso wa mtoto.

Alasiri mama mkwe akaingia. Akamwona mtoto, akatupa kitenge chake chini.

"Baba yake amepelekewa habari?"

"Ndiyo, mama. Nimemtuma mtu wa baiskeli."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Hata pale kulikuwa na muda. Ningeweza kutoka nje na kumwamsha yule mume wa jirani. Lakini nilikuwa nimeshasema nimetuma, na kumtuma mtu mbele yake kungekuwa kukiri kwamba nimedanganya. Nikakaa. Mtoto akashikwa na degedege. Mama mkwe akambeba, tukatoka mbio kuelekea hospitali kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, na kabla hatujafika akasimama barabarani. Hakunigeukia. Akasimama tu.

Waliporudi kutoka Ibadakuli walikuwa wameshinda. Nyimbo zilisikika kuanzia mbali, kisha wa mbele wakaona wanawake wamejaa uani, nyimbo zikakatika. Mume wangu akaruka kutoka kwenye lori akiwa na kaptura yake nyeupe na soksi ndefu. Mama yake akamkabili mlangoni.

"Hukuambiwa?"

Akanitazama. Sijui alitazama kwa muda gani. Najua aliniona na akaelewa yote: kwamba hakuna mtu aliyetumwa, kwamba nimesema yupo aliyetumwa, na kwamba nikijulikana nitarudishwa Kahama kabla ya arubaini ya mtoto.

"Niliambiwa," akasema. "Nikasema mpira uishe kwanza."

Mama yake akampiga kofi. Mtu mzima, baba wa watoto, mbele ya timu mbili. Kisha akachukua kitenge chake. Alikaa hadi maziko yakaisha, halafu akahamia kwa kaka yake, upande wa Songwa, na hakuingia tena nyumbani kwetu. Mimi nilifungua mdomo mara moja, nadhani, nikaufunga. Sikulia. Watu walisema uchungu umenikausha, wakamlaani mume wangu.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa kufanya kazi za mikono. Nilisonga ugali, nilikoroga samli, nilishona vifungo, na ndani hakukuwa na kitu. Yeye alikaa mwaka mzima bila kugusa mpira. Jumamosi alasiri alikaa kwenye kiti uani akitazama fremu za ngozi, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia nzi. Sikuweza kuvumilia. Siku moja nikautoa mpira uvunguni, nikaupaka samli mimi mwenyewe, nikamwekea mapajani. "Nenda," nikasema. Akaenda. Mji mzima ukasema, mnamwona, kaua mtoto kwa ajili ya mpira na bado hakukoma. Hata hilo nilimpa mimi.

Kila mwezi alikwenda kumsalimu mama yake. Alibeba sukari, sabuni, kanga jozi moja. Mjomba wake alivipokea. Mama yake aligeuza kiti. Mume wangu alipiga magoti nyuma ya kile kiti akasema, "Shikamoo, mama," na marahaba haikuja. Haya sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na dereva. Yeye aliporudi alioga, akawaita golikipa na beki, kisha akaniambia, "Mama hajambo. Anawasalimu." Kila mwezi, kwa miaka sita.

Mara moja nilijaribu. Nilivaa, nikapanda lori, nikakaa kati yake na dereva. Tulipokaribia kijiji dereva akashuka kuangalia kama maji ya mtoni yamepungua, tukabaki wawili.

"Leo namwambia mama," nikasema.

Hakuuliza nitamwambia nini. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho sisi kulizungumza jambo lile.

"Ukimwambia atapata nini? Mimi mwanawe. Atanichukia, lakini mwana hatupwi. Wewe ni mtoto wa watu. Wewe utatupwa, na hawa mabinti zangu nitawalea na nani?"

"Lakini hasemi nawe."

"Atasema. Mama yangu namjua."

Nilipaswa kushuka. Badala yake nilisikia wepesi mwilini, wepesi wa kweli kabisa, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia. Nilibaki ndani ya lori. Yeye akaenda na sukari yake.

Alirudi kutoka Geita mwishoni mwa kiangazi kifua kikimbana. Siku ya kwanza alisema ni vumbi la barabara. Siku ya pili aliagiza ngozi zigeuzwe maana upande mmoja ulikuwa umekauka zaidi. Siku ya tatu aliwaita mabinti, akawashika mikono, akauliza timu itacheza na nani Jumamosi. Alifariki asubuhi, watu wakinywa chai.

Nilipewa shughuli ya kukaa. Mjane hukalishwa, hana jingine. Kesho yake nje wanaume walijaa kutoka barazani hadi barabarani: wachezaji wa zamani na wa sasa, wenye ng'ombe, Waarabu wa maduka, Wakristo wa machimboni waliokuja na lori la usiku. Nilisikia mtu akisema, "Alipenda watoto wake, yule bwana," na mwingine akajibu, "Ndiyo, ila lile..." Wakaishia hapo hapo wanapoishia siku zote. Mimi nilikuwa nahesabu miraba ya mkeka.

Kisha wanawake wakasogea, mama mkwe akaingia. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Maiti alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, uso bado haujafunikwa. Akaketi kando yake, chini kabisa, akaweka mkono kwenye paji la uso.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Marahaba. Marahaba." Akasema nyingi, sijui ngapi, kama anazitoa zote alizomnyima. Halafu akapangusa macho. "Nimekusamehe. La mtoto nimelitua. Nenda."

Kwetu maiti hatoki nyumbani kabla mke hajaulizwa kama ametoa radhi. Ni jambo la kawaida, mke husema nimemsamehe hata kabla swali halijaisha. Mwenye kuuliza angekuwa somo, mwanamke anayesimamia desturi mtaani, lakini mama mkwe akamzuia kwa mkono. Akanigeukia yeye mwenyewe.

"Na wewe, mwanangu, msamehe mumeo. Mimi nilikuwa na hasira miaka yote hii, na wewe uliyemzaa yule mtoto ulibaki ndani ya nyumba yake ukampikia. Msamehe la mtoto, aende hana mzigo."

Chumba kizima kilinitazama. Pumzi nilikuwa nayo. Maneno nilikuwa nayo, machache tu: hakuambiwa, mama, mimi sikutuma mtu. Mume wangu hakuwa tena na cha kupoteza, na mimi nilikuwa sina mume wa kunirudisha Kahama. Mabinti zangu walikuwa wakubwa, wamesimama mlangoni. Hakuna kilichonizuia. Niliutazama uso wa mume wangu, nikangoja nihisi kitu, chochote, kinisukume. Hakikuja.

"Nimemsamehe," nikasema.

Wanawake wakalia. Mama mkwe akanishika mikono yote miwili, akaibusu. "Umenishinda moyo," akasema. "Mungu akulipe." Wakaufunika uso, wanaume wakaingia, wakambeba.

Mama mkwe hakurudi Songwa. Alisema hawezi kuniacha peke yangu. Akakaa nami eda yote, miezi minne na siku kumi, akilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Kila asubuhi alinikorogea uji kwa mkono wake mwenyewe, akaupoza, akanipa, na mimi nikaunywa.