Siku Nilipoombea Karatasi za Nafula

Nikikumbuka ile Jumamosi ya Kawangware masikio hunishika moto, na hata nikiwa peke yangu mimi hujifunika shuka mpaka kichwani kama vile kuna mtu ananiona. Mimi ni yule mtu ambaye mwalimu akiuliza swali najua jibu na bado nanyamaza (kuna wenzangu darasani hawajui sauti yangu iko aje), kwa hivyo sielewi vile mdomo huu huu ulifunguka siku moja tu na siku hiyo ikawa ya kumharibia dada yangu.

Dada yangu ni Nafula, naishi naye hapa mtaa wa Gatwekera pamoja na mtoto wake, na mumewe Barasa yuko Kanada anatunza wazee. Barasa alikuwa anamtafutia Nafula viza ya mke, na karatasi zote zilikuwa tayari, cheti cha ndoa, picha za harusi, karatasi za mshahara wa Barasa, mpaka yule wakala wa mjini anayejazia watu fomu akauliza, sasa ushahidi kwamba mume anamtumia mke pesa uko wapi? Ushahidi huo haukuwepo. Kwetu mwanaume akienda mbali pesa yake hupitia kwa mama yake kwanza, ndiyo heshima, na mama ndiye humgawia mke. Barasa anatuma kwa simu ya mamake, Mama Barasa anamuita Nafula nyumbani kwake Kawangware, anamwekea kitu mkononi, na ya mkononi haina risiti. Ukisoma zile karatasi, Nafula ni mwanamke ambaye bwana yake hajawahi kumnunulia hata chumvi.

Wakala akasema kuna njia: Mama Barasa atoe orodha ya pesa zilizoingia kwa simu yake, halafu aandike kwamba humpa mke wa mwanawe. Lakini nani atamuomba? Mke wa mtu hawezi kumuuliza mama mkwe habari ya pesa za mwanawe, ni kama kumuita mwizi. Ndio nikatumwa mimi.

"Wewe ni mtoto, hatachukulia vibaya," Nafula aliniambia. "Ngoja mkiwa wawili, halafu umuombe polepole."

Nilitembea mpaka Kawangware nikijifundisha maneno, na nilipofika mlango ulikuwa umejaa viatu vya akina mama, kumbe siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama Barasa kukaribisha maombi ya nyumbani. Nikaketi karibu na mlango. Sitawadanganya eti sikupata nafasi, Mama Barasa aliingia jikoni kuangalia chai, akatoka, akaingia tena, na kila mara nilimwona nikabaki nimeketi.

Halafu mke wa pasta, aliyekuwa anaongoza maombi, akasema mgeni asimame atoe ombi lake. Hapo ndipo nilipopata akili yangu mbovu: nilifikiria watu wakiomba hufumba macho, kwa hivyo Mama Barasa atasikia ile shida bila mimi kumtazama usoni.

"Mniombee dada yangu Nafula," nikasema, "apate ushahidi kwamba bwana yake humtumia pesa, ndio apewe viza."

Hakuna aliyefumba macho. Mama mmoja wa kitambaa cha kijani akauliza, "Kwani Barasa hatumi kitu?"

Nikaogopa watamfikiria Barasa vibaya, nikamtetea haraka. "Anatuma. Kila mwezi anamtumia mama yake."

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Barasa, halafu polepole vikageukia yale makochi mapya tuliyokuwa tumekalia, bado yana nailoni ya dukani, na ile televisheni ya ukutani. Nikaona macho yanaenda wapi, nikataka kurekebisha (heri ningezimia), nikasema Nafula halalamiki, hata unga ukiisha yeye hukopa dukani na hasemi kitu.

Mke wa pasta akakohoa, akaanza kuomba. Aliombea wajane, akaombea jasho la watu, akakemea wale wanaokula peke yao, na akina mama wakaitikia amina kwa nguvu ambayo sikuipenda. Mama Barasa alikuwa anaangalia mikono yake tu.

Chai ilipokuja alinipa mimi wa kwanza, kabla ya mke wa pasta, na mandazi mawili. Wageni walipotoka akaniita jikoni.

"Nekesa, ungeniuliza hapa tukiwa wawili, ningekupa hiyo simu yenyewe uende nayo," alisema. "Sasa nikitoa, wale watasema nimetoa kwa sababu nimeshikwa."

Nikasema pole mama. Akaniambia niende, giza lisinikute njiani.

Barasa alipiga simu jioni hiyo hiyo, na kwa nyumba ya chumba kimoja unasikia yote, eti mama amekataa kula, eti kwa nini Nafula ametuma mtoto kumvua mama yake nguo mbele ya kanisa. Nafula alirudia tu kwamba hakunituma hivyo, mpaka simu ikakatwa. Karatasi zilienda bila ule ushahidi, na jibu likarudi kwamba watu wa viza hawajaridhika. Barasa anasema watajaribu tena mama akipoa. Mama hajapoa, hata ile ya mkononi ameacha kumpa, na sasa Nafula anafulia watu nguo huko mtaa wa Olympic.

Hajawahi kunigombeza. Siku moja tu, akinyoosha vidole vyake vilivyochubuka na sabuni, alisema, "Siku zote wewe hunyamaza. Siku hiyo moja ndio ukaongea."

Nimeapa nikiwa na neno na mtu nitamfuata jikoni. Jumapili iliyopita kanisani kwetu waliuliza nani ana ombi, zamu ikanifikia, nikasema masomo, watu wakasema amina, nikaketi. Baada yangu ilikuwa zamu ya Nafula. Akatikisa kichwa, akasema hana ombi.