Basi la Nyuma

Arlys Kvamme alikuwa kocha msaidizi wa mpira wa kikapu wa wanawake katika chuo cha Hedlund, Dakota Kaskazini, kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo haukupita mwezi wa Februari bila yeye kuogopa barabara.

Alikuwa amechezea chuo hichohicho mpaka goti likamkatalia. Kocha wa wakati ule, mzee asiyependa kuona mtu amekaa bure, akamkabidhi filimbi na kumwambia abaki. Akabaki. Alichambua video za wapinzani, akafua jezi, akazunguka kumbi za shule za vijijini kutafuta mabinti warefu wenye mikono myepesi, na mchezaji aliyekaripiwa mpaka akalia alijua mlango wa kubisha ni upi. Nafasi ya kocha mkuu ilipobaki wazi, aliitwa ofisini apewe yeye. Alisema hapana kabla hajaketi.

Katika chuo kidogo kama kile, makocha ndio madereva. Msimu wake wa pili, basi dogo alilokuwa akiendesha liliteleza kwenye barafu, likazunguka mara mbili na kusimama huku limegeukia lilikotoka. Hakuumia mtu. Wasichana walicheka mpaka mbavu zikawauma. Arlys alishuka, akaenda nyuma ya basi, akatapika. Tangu siku hiyo, kila alipopewa ufunguo viganja vilimtoka jasho, na akaanza kuendesha na glavu ili watu wasione.

Alikuwa na miaka arobaini na sita Brent Hagedorn alipokuja kuwa kocha mkuu. Hagedorn alikuwa na thelathini na mmoja, mwenye haraka katika kila jambo, ila hakuwa mtu mbaya. Aliwajua wachezaji wake hadi majina ya mbwa wa kwao. Msimu wake wa kwanza, timu ilifika mechi ya mwisho ikihitaji ushindi mmoja tu iingie kwenye mashindano ya kanda. Mechi ilikuwa ugenini, maili mia na arobaini, Jumamosi saa kumi na moja jioni.

Waliondoka saa sita mchana kwa mabasi mawili, Hagedorn mbele na wachezaji sita, Arlys nyuma na sita wengine. Jua lilikuwa kali juu ya mashamba meupe. Walipopita maili ya sitini, upepo ukaamka. Theluji haikutoka juu. Ilikuwa ile iliyolala mashambani siku zote, sasa upepo uliiinua na kuivusha barabarani, mwanzo kama moshi unaotambaa, kisha ikapanda mpaka kwenye vioo. Arlys aliziona taa nyekundu za basi la mbele, zikapotea, akaziona tena, kisha hakuziona kabisa.

Teagan Buhl, msichana wa mwaka wa kwanza aliyekaa kiti cha mbele, alimpigia Hagedorn na kuiinua simu ili Arlys asikie.

"Mko wapi?" Hagedorn aliuliza.

"Nyuma yako," Arlys alisema. "Lakini sikuoni."

"Fuata mstari tu. Huku mbele kumeanza kufunguka."

"Huo mstari wenyewe siuoni, Brent."

"Basi njoo polepole. Arlys, sisi tumezaliwa kwenye upepo huu. Usiniangushe leo."

Simu ikakatika. Papo hapo basi likatikisika, na kitu kikubwa cheusi kikapita ubavuni, karibu kabisa, kikinguruma, kikamezwa na weupe. Lilikuwa lori. Arlys hakuwa amelisikia likija, wala hakuona lilitokea upande gani. Alitambua kwamba hajui kama yuko upande wake wa barabara au upande wa magari yanayokuja. Nyuma, wasichana walikuwa wakiimba, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine.

Akapunguza mwendo, akashusha kioo, akatoa kichwa nje kwenye ile baridi ya kukata masikio. Nguzo za uzio zilionekana, moja, halafu nyingine. Akazifuata kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku akiomba kimoyomoyo asisikie honi nyuma yake. Kwenye nguzo ya ishirini hivi kulikuwa na sanduku la barua, na njia ya kuingia shambani.

Maribeth Rohrich, nahodha, wa mwaka wa nne, alisogea mbele. "Kocha, unakata kona?"

"Nakata."

"Hii ndiyo mechi yangu ya mwisho."

"Najua, mwanangu."

"Wenzetu wanaendelea."

Arlys alitaka kumwambia neno la maana, la kikocha. Akakata kona.

Mwenye shamba, Orrin Schatz, alifungua mlango kabla hawajabisha na hakuuliza kitu. Mkewe, Velda, aliwawekea mezani bakuli kubwa la nyama ya kusaga iliyookwa na viazi. Saa tisa na nusu Hagedorn alipiga simu: wamefika salama. Jioni walicheza wakiwa sita tu, wakashindwa kwa pointi nne. Arlys alipopata habari hiyo aliingia bafuni kwa akina Schatz, akajifungia, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Lori lile lilikuwa bado linampita.

Jumatatu Hagedorn alimwita. Hakupaza sauti.

"Uliogopa," alisema.

"Ndiyo. Niliogopa."

"Mimi nilifika. Barabara haikufungwa hata dakika moja."

"Najua."

"Ingekuwa leo ungefanyaje?"

Arlys alitazama glavu zake mapajani. "Ningekata kona ileile," alisema.

Alitoka akiwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Wiki tatu aliishi akiogopa kila bahasha. Bahasha haikuja. Kilichokuja ni taarifa kwamba kuanzia msimu ujao chuo kitakodi basi kubwa lenye dereva wake. Hagedorn ndiye aliyeomba, wala hakueleza kwa nini. Baada ya miaka minne akaenda chuo kikubwa zaidi. Arlys alibaki, akiketi nyuma ya dereva kila safari, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Maribeth alimaliza chuo bila kumuaga. Walikutana tena baada ya miaka tisa, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari. Maribeth alikuwa kocha pale, na Arlys alikuja kumtazama mchezaji wa Maribeth wa nafasi ya ulinzi, binti mwepesi wa mkono wa kushoto. Walizungumza habari za binti huyo tu: alama zake darasani, goti lake, mama yake. Arlys alijibu vizuri, ila muda wote alikuwa akisubiri siku ile itajwe.

Alipokuwa anavaa koti, Maribeth akasema, "Ningecheza vizuri siku ile."

"Najua ungecheza."

Maribeth alitikisa kichwa kidogo, kama anayehesabu kitu. Kisha akamwambia Arlys kwamba binti atapatikana kwa mazungumzo Alhamisi baada ya mazoezi, akarudi uwanjani kwa wachezaji wake.