Maneno Yaliyogeuzwa Kwenye Mwamba wa Kalembe

Ashraf alimdhulumu Veneranda maneno yake. Alipewa ayafikishe kwa wageni, akayageuza njiani, na mume wa Veneranda mpaka leo yuko chini ya maji bila kaburi.

Dismasi alikuwa mvuvi wa dagaa wa Bangwe. Upepo wa kusi uliupindua mtumbwi wake kwenye mwamba wa kisiwa cha Kalembe, akazama, hakuonekana tena. Ndugu zake walitaka kuzika mgomba badala yake, matanga yaanuliwe, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Veneranda alikataa. "Sikuolewa na mgomba," aliwaambia. Tangu hapo wakamwita mkaidi, wakaacha kufika kwake.

Kwa hiyo siku Ashraf, kijana wa Ujiji anayetembeza wageni, alipomfuata kwenye vichanja vya kuanikia dagaa Kibirizi, aliacha kazi akamsikiliza.

"Shikamoo, mama Wema. Nina wageni, Mzungu na mkewe. Wanatafuta kisiwa cha kuleta wenzao likizo, wapige mbizi, waangalie samaki. Wanataka mtu anayekijua Kalembe, awaambie kama kinafaa."

"Wanafika chini kabisa?"

"Wana mitungi ya hewa mgongoni, mama. Wanakaa kule chini kama wako sebuleni."

"Basi nitawaambia kila ninachokijua, upepo na mawe. Na wao wanitafutie Dismasi."

"Hilo dogo."

Kuruthumu, jirani yake wa pale vichanjani, alicheka. "Huyu akikwambia dogo, ujue hata hajalisikia."

Veneranda hakumjali. Alinunua kitenge kipya, akakitia kikapuni, kiwepo cha kumfungia wakimpandisha, hata kama ni mfupa mmoja.

Huko Kalembe boti ilitia nanga karibu na mwamba. Wageni waliuliza, Ashraf akatafsiri: maji hutulia miezi gani, upepo huingilia wapi, pana usalama au hapana. Veneranda alijibu yote. Mwisho akanyoosha kidole. "Mume wangu amelala pale, chini ya mwamba. Nawaomba wamtazame."

Watu wa mwambao ule, wakiwa wanalitazama ziwa, hawasemi mtu amekufa maji. Husema amelala. Ashraf ni mtoto wa mvuvi. Neno hilo amekua nalo. Aliwageukia wageni, akasema maneno machache, nao wakatabasamu. Veneranda aliona ajabu watu kutabasamu kwa habari kama hiyo. Akajiambia labda kwao ndivyo wanavyotoa pole.

Wakashuka majini. Yeye alikaa pembeni mwa boti akiyafuata mapovu kwa macho. Yaliuzunguka mwamba, kisha yakaganda mahali pamoja, yasiondoke. Alikitoa kitenge, akakikunjua mapajani.

Yule mama wa Kizungu aliibuka mikono mitupu. Alikiona kile kitenge kimetandazwa, akadhani ametayarishiwa yeye, akakichukua na kukaushia nywele zake. "Asante, mama." Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Pazuri sana! Mume wako akiamka, salamu!"

Veneranda alimtazama Ashraf. Ashraf akainamia injini.

Waliporudi Bangwe, wageni waliondoka na furaha yao. Kalembe ilikuwa imewafaa. Veneranda alimshika Ashraf mkono pale pale ufukweni.

"Uliwaambia nini?"

"Ulivyosema, mama. Kwamba mzee hulala pale."

"Hulala?"

"Kwamba huvua, akichoka hulala mtumbwini, maji yametulia. Wangesikia habari za maiti wangekimbia. Tungewapata wapi tena?"

"Nani alikutuma uwafiche? Mimi sikutaka wakimbie, nilitaka wamtafute! Walikuwa pale, Ashraf. Pengine walikuwa juu yake."

"Lakini neno ni lako, mama. Wewe ndiye uliyesema amelala."

Veneranda alimwachia mkono. Akaligeukia ziwa, wavuvi wote wakimsikia, akasema kwa sauti: "Dismasi amekufa maji. Amekufa. Haya, tafsiri hilo!"

Waliokuwa wakikunja nyavu waliacha. "We mama," mmoja alifoka, "maneno gani hayo mbele ya maji?" Hakuna aliyemgeukia Ashraf. Kijana alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Nitawaambia wakija na kundi lao," alisema.

Wamekuja, wamepiga mbizi, wamepiga picha zao, wameondoka, wamekuja tena. Hajawaambia. Akimwona Veneranda sokoni Kibirizi hupitia upande wa pili.

Wageni hawadaiwi kitu, maana mtu hawezi kukataa asichoombwa. Anayedaiwa ni Ashraf. Anadaiwa asimame kwenye ile boti, Veneranda ameketi kando yake, awaambie kwa lugha yao: mume wa mama huyu alikufa maji hapa, hajazikwa, anaomba mumtafute.