Jeneza la Mama Lilisubiri Langoni Mpaka Injini Izimike

Mvua ililinyeshea jeneza la mama yangu mchana kweupe, jua linawaka, mbinguni hakuna wingu hata la kusingizia.

Na mvua yenyewe niliinyesha mimi.

Msinicheke kwanza. Sijasema mimi ni mganga. Nipeni nafasi nieleze, maana hili jambo nimelibeba peke yangu na limenichosha mabega.

Naitwa Nadine. Nimezaliwa kusini kabisa mwa Mississippi, karibu na mto Pearl, kule ambako joto la Agosti linakuvaa kama koti lililoloa.

Kazi yangu ni kuwasha injini za roketi.

Siyo kurusha. Kuwasha tu. Injini inafungwa kwenye mnara wa zege, inakazwa kwelikweli, haiendi popote. Tunaiwasha, inanguruma muda uleule itakaonguruma siku ya safari, halafu tunaizima. Kama ni kupasuka, ipasukie hapa kwetu msituni, isisubiri ikafika angani.

Mimi ndiye msimamizi wa jaribio. Chumba cha mitambo kina watu wengi na elimu zao, lakini neno "washa" na neno "acha" yote mawili yanatoka kinywani mwangu.

Sasa hapo ndipo mimi na bi mkubwa tulipokosana.

Mama yangu, Earline, alizaliwa palepale penye minara. Zamani palikuwa na kijiji. Kanisa, duka, shule ya watoto weusi, miti ya njugu za pekani kila uwanja. Mama akiwa binti wa miaka kumi na saba, serikali ikaja ikasema inataka mahali pa kujaribia roketi za kwenda mwezini. Mahali pasipo na watu.

Watu walikuwepo. Basi wakaondolewa.

Nyumba nyingine zilipakiwa kwenye malori nzimanzima, nyingine zikatiwa moto. Kilichobaki ni makaburi peke yake, ndani ya uzio, msitu umeyazunguka. Ukitaka kwenda unaomba kibali, unapita langoni, mlinzi anakuandika.

Siku nilipomwambia mama nimepata kazi kule, alikuwa anakaanga kambare. Akazima jiko samaki hawajaiva.

"Nadine, dunia yote hii, hukuona kazi nyingine?"

"Mama, hii ni kampuni binafsi, siyo serikali. Tunaunda roketi mpya kabisa, haijawahi kuruka."

"Roketi mpya, uzio uleule."

Yakaishia hapo. Miaka yote niliyofanya kazi ile hakuniuliza hata mara moja, "mwanangu, kazini kukoje?" Ndugu yangu Lamont, aliyekuwa anaishi naye, aliniambia injini ikianza kunguruma na madirisha yakitetemeka, mama huinuka kwenye kiti akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi.

Mimi moyoni nikasema, huu ni ubishi wa uzee tu. Nyumba iliondoka mimi sijazaliwa. Si asahau tu jamani, maisha yaendelee?

Nilisema hivyo. Kumbukeni nilisema hivyo.

Mwaka jana mambo yakaiva. Roketi yetu ilikuwa imeshasimamishwa Florida, inangoja kuruka kwa mara ya kwanza. Limebaki jaribio moja: kuiwasha injini ya juu, ile inayosukuma roketi ikishapanda, kwa muda wote wa safari bila kukatiza. Mwaka uliotangulia tulishapasua mbili. Hii ya tatu ikipasuka, kampuni inafunga milango na kila mtu arudi kwao.

Wiki ileile ya jaribio, mama akafariki.

Jumapili, ametoka kanisani. Alikaa kwenye kiti akavua viatu, akamwambia Lamont amletee maji. Lamont aliporudi na glasi, mama ameshaondoka.

Alikuwa ameacha usia mmoja tu: nizikeni kule nyumbani. Kule ndani ya uzio.

Tukapanga maziko Jumamosi. Jaribio lilikuwa Alhamisi, kwa hiyo sikuona shida. Alhamisi radi. Ijumaa radi tena, na kwenye radi hatujazi mafuta hata kwa dawa. Mnara tulikuwa tumeukodi, na Jumapili unaingia kwa wengine.

Bosi wangu, Haskell, akanivuta pembeni. "Nadine, nenda kazike mama yako. Nitajua la kufanya."

Alikuwa anadanganya, na nilimwona. Msaidizi wangu alikuwa Florida na roketi. Mtu mwingine wa kukaa kwenye kile kiti hakuwepo.

"Tunawasha Jumamosi asubuhi," nikamwambia. "Mchana nazika."

Lamont alipopata habari alinipigia akiwa anahema.

"Dada, we mzima kweli? Siku ya kumzika mama unaenda kazini? Tena kwa walewale?"

"Asubuhi tu, Lamont. Ibada ikiisha nitakuwa nimeshafika."

"Usinizingue mimi. Utamwambia mwenyewe mama."

Akakata.

Jumamosi anga ilikuwa safi kama sahani. Nikasema Mungu mkubwa, leo tunamaliza mapema. Tukaanza kujaza haidrojeni, ile ya kimiminika, baridi yake haina mfano duniani. Tukiwa tunakaribia, vali moja ya bomba la mafuta ikaganda. Ikaagizwa ifunguke, ikagoma. Tukaipasha moto, tukaijaribu, ikafunguka nusu, tukaanza upya.

Saa zikayeyuka. Jasho likanitoka na kiyoyozi kinapuliza.

Vali ilipokubali, injini ipo tayari, matangi yamejaa, kila mtu ananitazama mdomoni, simu ya mezani ikalia. Ni lango la kaskazini.

"Bi Nadine, hapa kuna msafara wa maziko. Magari mengi. Wanasema wana kibali."

Barabara ya makaburini inapita ndani ya eneo la hatari. Ilikuwa imefungwa. Niliifunga mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, kwenye redio. Nikitaka kuifungua, lazima nisitishe jaribio. Nikisitisha, matangi yanamwagwa, siku imekwisha, mnara unaondoka, na roketi yetu inabaki kuwa sanamu Florida.

Haskell alisikia kila kitu. Akakaa karibu yangu, akasema polepole, "Ukisema acha, tunaacha. Hakuna atakayekuuliza."

Lamont akachukua simu kule langoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dada, mama yuko kwenye gari, juani. Nje ya geti. Kama walivyomtoa. Waambie wafungue."

Nikatazama saa ukutani.

Nikasikia simu inanyang'anywa. Ni mama mdogo Velma, mdogo wake mama, aliyebaki peke yake katika kizazi chao.

"Nadine, hiyo kitu yako inachukua muda gani?"

"Kama dakika kumi, mama mdogo. Halafu muda kidogo wa kuhakikisha usalama."

"Na usipoiwasha leo?"

"Basi tena. Imekufa."

Nikasikia nyuma yake mchungaji anaanzisha wimbo, watu wanaitikia pale barabarani.

"Earline amengoja kurudi hapa tangu ana miaka kumi na saba," akasema. "Kidogo hiki hakimshindi. Iwashe. Halafu uje haraka."

Nikaweka simu chini.

"Washa."

Jamani, sijui niwaelezeje ule mngurumo. Huusikii kwa masikio, unausikia kwa meno. Kila kipimo kikasimama mahali pake. Tulingoja ipasuke. Haikupasuka. Ilinguruma mpaka mwisho kabisa, nikaamuru izimwe, ikazima kama mtu aliyefumba macho.

Watu wakarukaruka, wakakumbatiana. Haskell alikuwa analia waziwazi. Mimi nilishavua vifaa vya masikioni, niko mlangoni.

Sasa injini yetu inachoma haidrojeni na oksijeni. Moshi wake siyo moshi, ni mvuke wa maji. Na chini ya mnara tunamwaga maji kama mto ili zege lisiyeyuke. Wingu jeupe linapanda juu, linapoa, na upepo ukilichukua linarudi chini likiwa mvua.

Siku ile upepo uliipeleka langoni.

Nilifika nikakuta watu wamesimama nje ya magari, nguo nyeusi zimelowana, jua linawaka juu yao. Mlango wa nyuma wa gari la maziko walikuwa wameuacha wazi jeneza lipate hewa. Matone yalikuwa yanatiririka juu ya mbao. Hakuna aliyejificha. Mchungaji alikuwa bado anaimba.

Lamont aliniangalia, akageuza uso.

Tukaingia. Makaburini, wachimbaji walikuwa wameshatayarisha jana yake. Lakini kaburi halikuwa kando ya bibi. Lilikuwa pembeni kabisa, karibu na uzio wa mbao wa makaburi, peke yake.

Nikamfuata mzee Peyton, mwenye kampuni ya maziko. "Mzee, mmekosea. Bibi yangu yuko kule."

"Hawajakosea," mama mdogo akasema nyuma yangu. "Niliwaonyesha mimi."

Akanishika mkono, akanionyesha chini. Kando ya shimo palikuwa na kipande kidogo cha saruji, kimezama nusu kwenye majani. Herufi zake zilichorwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi. RUTHIE.

"Huyu ni nani?"

"Dada yako."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mama yako alimzaa akiwa na miaka kumi na sita, hana mume. Mtoto hakumaliza mwaka, homa ikamchukua. Hata majani hayajaota juu yake, malori yakaja. Earline alilala hapa chini akasema haondoki. Baba yetu akamnyanyua kama gunia. Mimi nilikuwa mdogo, lakini yale makelele ninayo mpaka leo."

Nikapiga magoti.

"Kila mwezi wa tano, siku ya kuzaliwa kwa Ruthie, nilikuwa namleta na maua," akaendelea. "Miaka mitatu ya mwisho hatukuingia. Tulifika langoni tukaambiwa barabara imefungwa, kuna jaribio."

Hakuhitaji kusema imefungwa na nani.

"Mama mdogo, kwa nini hakunipigia? Ningefungua! Ningesogeza saa!"

"Angekupigia aseme nini? Nifungulie nikamwone mtoto ambaye sijawahi kukwambia habari zake?"

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikamuuliza kama mama alinichukia.

Mama mdogo akafikiri kwanza. Hakutaka kunidanganya.

"Mara ile ya mwisho, mlinzi alikuwa na redio kiunoni. Ikasema fungeni barabara. Ilikuwa sauti yako. Mama yako akarudi kwenye gari, akaniambia, 'Velma, umemsikia mwanangu anavyowaamrisha wanaume?' Akacheka kabisa, akajipiga kofi gotini."

"Halafu?"

"Halafu akalia mpaka nyumbani, maua yako mapajani."

Lamont alikuwa amesogea, amesikia yote. Akapiga magoti karibu yangu. Tukabaki hivyo, hatujui pa kushika. Kisha tukamshusha mama kwa mikono yetu wenyewe, tukamlaza karibu na mtoto wake.

Roketi iliruka vuli ya mwaka uleule, kwa mara yake ya kwanza, na injini yetu haikukohoa hata kidogo. Watu walipiga simu kunipongeza. Nilishukuru. Sikuwa Florida wala mbele ya televisheni. Tulikuwa makaburini na Lamont, tunang'oa majani.

Bado niko kazini. Nilimwomba Haskell kitu kimoja: mwezi wa tano, siku moja niliyomtajia, barabara ile isifungwe. Akakubali bila kuuliza sababu, na siku ile langoni yalipita magari mengi kuliko nilivyodhani. Kumbe mama hakuwa peke yake mwenye mtu wake mle ndani.

Wewe unayesoma, kama una mzazi aliyekasirikia jambo la zamani, usikimbilie kumwambia asahau. Kwanza ujue amezika nini pale.