Siku Niliyomnyamazia Mama Mkwe Porini

Nakumbuka asubuhi ile tulipotoka Mazingara, mimi na mama mkwe wangu, kwenda pwani kumjulia hali dada yake aliyekuwa mgonjwa. Zama zile zilikuwa za Mwingereza, na kufika baharini kulitaka ukatize pori la serikali ambamo kuwinda kulipigwa marufuku. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge, Korogwe. Mimi nilikuwa mwali, sijamaliza hata mwaka tangu niolewe, na mkwe wangu nilimwogopa kuliko simba.

Mwanzoni mwa pori tulimkuta askari wa wanyama. Akamwamkia mama shikamoo, akatuambia tusikate mti wala tusiache njia. "Tembo wamezaa," akasema. "Mkiona kinyesi kibichi, rudini niwasindikize."

Njia ilipogawanyika nikasema ya kushoto imekanyagwa zaidi na watu, tuifuate. Mama mkwe akageuka.

"Mwali haongozi mkwewe. Nilipita hapa kabla mama yako hajakuzaa."

Akashika ya kulia. Neno lile lilinichoma. Nikajitwika furushi langu vizuri, nikasema moyoni: haya, ongoza. Mwanangu, hasira ya kimyakimya ni kama moto wa pumba. Huoni ndimi zake, lakini inaunguza.

Tulipofika penye mikoche, upepo wa bahari ukaanza kutupiga usoni. Hapo nikakiona kinyesi katikati ya njia, bado kinafuka mvuke. Mama mkwe alikipita bila kukitazama. Mbele kidogo tawi lilikuwa limevunjwa, majani yake hayajanyauka. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikajiambia, ana macho, ameona mwenyewe.

Tukazunguka kichaka, na mbele yetu pakawa na dimbwi. Tembo jike alisimama kwenye tope, mtoto wake chini ya tumbo lake, kati ya miguu. Mama mkwe akaendelea kutembea. Anamwendea kabisa, kama mtu anayekwenda kisimani kwake. Tembo akatanua masikio.

Nilitupa furushi, nikamshika mama kwa kanga yake, nikamvuta. Tukaanguka wote kwenye korongo kando ya njia. Alipotaka kusema nilimziba mdomo kwa mkono. Mimi, mwali, nikamziba mkwe wangu mdomo. Ardhi ikatikisika. Tembo alikuja mpaka penye furushi, akalikanyaga, akasimama. Tulisikia pumzi yake. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu. Ungegeuka, leo nisingekuwa nasema nawe. Nilihisi moyo wa mama mkwe ukinigonga ubavuni, na wangu ukimjibu.

Kisha tembo akageuka taratibu, akamwita mwanawe kwa mngurumo wa chini, wakaenda zao.

Kifundo cha mguu wa mama kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Tangu kwenye kinyesi, mama."

"Na kwa nini hukusema?"

"Uliniambia mwali haongozi."

"Nilikukataza kuniongoza. Nilikukataza kuniokoa?" Akaupapasa mguu wake, kisha sauti ikamshuka. "Nami nina langu. Macho yangu yana ukungu tangu mavuno yaliyopita. Niliona haya kukwambia. Nilifikiri utanidharau."

Nikalia, naye akaniacha nilie. Kisha akaweka mkono begani mwangu, nikaongoza. Pori likatuacha kwenye mchanga, na bahari ikawa mbele yetu, mara yangu ya kwanza kuiona. Akasimama. "Niambie ikoje leo," akasema. Nikamwambia yote niliyoyaona, polepole, naye akiitikia kwa kichwa.

Wahenga walisema ukubwa jalala, kwamba mkubwa hutupiwa kila taka. Basi mtupie na habari mbaya. Mwanangu, heshima ni kupiga goti, ni kupokea mzigo, ni kuitika abee unapoitwa. Kumwacha mkubwa wako aingie hatarini kwa sababu alikukemea, hiyo ni chuki iliyovaa kanga ya adabu. Ukiona jambo, sema, hata sauti ikitetemeka. Na utakapozeeka, ukipungukiwa na macho au masikio, usiwafiche wanao. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mungu akujalie ulimi usioogopa kweli na moyo usiolimbikiza kinyongo. Akupe wakwe wa kukusikiliza, na nyayo zako azitangulie popote uendapo. Amina.