Mjukuu wa Matofali

Shangazi yangu, mwenye nyumba za kupangisha huku ughaibuni, hagusi kitasa kabla ya kukifuta kwa ncha ya mtandio. Benki ilipoithamini upya nyumba yake ya kwanza, mkopo mpya ulizaa ya pili. Ya pili ikazaa ya tatu. Leo mthamini amekuja kuikagua hiyo ya tatu, na thamani isipopanda, ya nne hatuipati. Shangazi anamfuata chumba kwa chumba, akifuta vitasa vinavyong'aa tayari.

"Mama, na hii ni yako?"

"Huyo mjukuu wangu, baba. Mwangalie vizuri."

Mthamini anacheka, anagongagonga kuta, kisha anadokeza bei. Imepanda! Shangazi anaweka kiganja ukutani, taratibu, kama mkunga.

"Mwanangu," ananiambia, "mjukuu ana mimba."